Boran 23, ndama 10 kwa mwaka: tatizo ni ng'ombe, dume au ufugaji wangu?

Kijana wa Mlali

Habari za asubuhi wafugaji wenzangu. Nina jambo limeninyima usingizi, naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Niko Kongwa, Dodoma. Septemba 2021 nilinunua mitamba 24 (majike ambao hawajawahi kuzaa) wa Boran, aina ya ng'ombe wa nyama, kutoka ranchi, wote wana mimba, daktari aliwapima mbele yangu. Fedha ilikuwa ya mkopo pamoja na alizeti ya misimu miwili, kwa hiyo si ng'ombe wa kujaribia. Kati ya Novemba na Februari 2022 walizaa 22. Mmoja alitupa mimba, mwingine alizaa ndama mfu. Nikaona nimefika.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Mmoja alikufa kwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, wakabaki 23. Mwaka 2023 walizaa 10. Mwaka 2024 wakazaa 13. Mwaka huu 2025, hadi leo Agosti, wamezaa 8. Nina daftari, kila ndama ana tarehe yake na namba ya hereni ya mama.

Wanalala boma moja na ng'ombe wa asili wa baba, majike 31. Wanafunguliwa saa tatu asubuhi baada ya kukamua, wanachungwa kwenye malisho ya kijiji, wanarudi saa kumi na moja jioni. Maji ni lambo, na kiangazi lambo lenye maji liko kilomita sita kutoka nyumbani. Dume ni mmoja, Boran, nilimnunua pamoja nao. La baba tulilihasi 2022 ili tupate ndama bora. Ng'ombe wa baba walizaa 15 mwaka 2023 na 17 mwaka 2024.

Kinachoniumiza ni hiki: Mei nilirudi kule ranchi, nikaonyeshwa dada zao, wa umri ule ule. Kila jike ana ndama ubavuni. Sasa nauliza, Boran hafai kuchungwa kijijini? Au dume ana kasoro? Au niachane na dume niende kwenye uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za kununua, niagize kutoka kituo cha mbegu cha Usa River, Arusha? Jirani ananishauri niuze wote.

Nala Mjini

Uza kaka. Ng'ombe wa huku ni yule mdogo wa nundu, anakula mabua na anaishi. Boran anataka uzio na majani. Mimi nilikuwa na saba, nimebaki na wawili.

Mzee wa Josho

Kijana wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili, na daftari lako ndilo limenifanya nikae chini niandike kwa urefu. Wengi wanakuja na malalamiko, hawana tarehe.

Nimefanya kazi ranchi miaka 26. Nilianza kwenye zizi la ndama, nikastaafu nikiwa msimamizi wa kundi la majike 180. Leo nina ng'ombe wangu 40, wanachungwa kijijini kama wako. Swali lako nilijiuliza mwenyewe kwa uchungu miaka minne ya kwanza ya kustaafu, maana nilinunua majike niliowajua tangu ndama, majike waliokuwa wakizaa kila mwaka, na walipofika kwangu wakaanza kuruka mwaka.

Kwanza ziweke hesabu zako mbili pamoja. Boran 23 kwa miaka miwili wangeweza kukupa ndama 46, wamekupa 23. Ng'ombe wa baba 31 wangeweza kutoa 62, wametoa 32. Nusu, na nusu na kidogo. Ng'ombe mmoja ana kilo 400, mwingine 230, damu zao hazifanani kabisa, na wanazaa sawasawa kwa sababu wanalala boma moja, wanatembea njia moja na wanapandwa na dume mmoja. Boran hajashindwa kuliko yule wa asili. Ufugaji mnaowapa ndio unaotoa ndama mmoja kwa miaka miwili, ukiingiza ng'ombe wa aina yoyote.

Sasa tuhesabu siku. Mimba ya ng'ombe wa aina hii ni siku kama 285. Mwaka una 365. Zinabaki 80. Ndani ya hizo 80 mfuko wa uzazi unahitaji kama 40 kurudi hali yake. Zinabaki 40, na joto, yaani hali ya jike kutaka dume, linarudi kila baada ya siku 21. Kwa hiyo jike anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana nafasi mbili tu za kushika mimba, basi. Akizikosa, tarehe inasogea mbele, na kwetu Dodoma mvua ni moja tu kwa mwaka. Tarehe ikishatoka kwenye mvua, jike anajikuta anazaa majani yakiwa makavu, hana nyama ya kumrudisha kwenye joto, anasubiri mvua nyingine. Hapo ndipo mwaka mzima unapopotelea.

Na kitu kinachomrudisha kwenye joto ni nyama aliyokuwa nayo mgongoni siku anazaa. Hili nimelishika kwa mkono wangu miaka yote ile. Jike anayezaa akiwa na nyama juu ya nyonga na mbavu zake hazihesabiki ukiwa mbali, baada ya miezi miwili anatafuta dume. Jike anayezaa mbavu zote zinaonekana, umpe majani mabichi baada ya hapo, yale majani yanakwenda kwenye maziwa kwanza, halafu kwenye mwili wake, na uzazi unahudumiwa mwisho. Ng'ombe akibanwa na njaa hafi haraka. Anafunga uzazi ili aishi yeye na ndama aliyenaye. Mwili wake una akili hiyo. Na aliye kwenye hali mbaya kuliko wote ni mtamba aliyezaa mara ya kwanza, kwa sababu yeye bado anakua. Wako wote 24 walikuwa hao. Waliingia kwako wakiwa wazazi wa mara ya kwanza wote kwa mpigo, tena Septemba, katikati ya kiangazi, wakiwa na mimba kubwa na safari ya lori.

Saa za kula nazo. Ukifungua saa tatu na kufunga saa kumi na moja, hizo ni saa nane. Kilomita sita kwenda na sita kurudi ni saa tatu zimeondoka. Zinabaki tano, na kati ya hizo jua la saa saba na nane linamlaza chini ya mti. Jike wa ranchi, akiwa ndani ya padoki, yaani malisho yenye uzio, ameshakula kabla jua halijatoka na anakula tena usiku kukiwa na ubaridi. Sikulaumu kwa boma, wezi na fisi wapo. Lakini hakuna sheria inayosema ng'ombe wafunguliwe saa tatu. Mimi kwangu wanatoka saa kumi na mbili asubuhi. Tunakamua saa kumi na moja alfajiri, wale tunaowakamua, na si wote.

Kuhusu ranchi uliyoitembelea, ngoja nikuambie unachokiona na usichokiona. Kwetu dume waliingia kwa majike tarehe 1 Februari, wakatolewa mwisho wa Aprili. Ndama wakaanza kudondoka katikati ya Novemba, wa mwisho mwanzoni mwa Februari, yaani mvua inawakuta mama zao wana maziwa. Juni daktari anapima mimba, jike kwa jike, mkono ndani. Asiye na mimba anatengwa, na kama hana sababu nzuri anauzwa wakati bado ana mafuta ya masika. Wewe ulikwenda Mei ukaonyeshwa kundi la wenye ndama. Waliokosa walikuwa padoki nyingine au walishakwenda mnadani. Mwaka mzuri nilipata mimba 150 na kitu kwa majike 180. Mwaka wa ukame nimewahi kupata 110 na nikaona aibu mbele ya meneja. Kwa hiyo hata ranchi majike hukosa, ila aliyekosa halishwi mwaka mzima bila ndama.

Naomba uniletee jambo moja kutoka kwenye daftari: wale 10 wa 2023 walizaa miezi gani? Na je, kuna walozaa 2023 wakazaa tena 2024?

Mfugaji wa Kiteto

Mzee, nakuheshimu, lakini hapa nina neno.

Hiyo miaka aliyoitaja usiisome kama miaka ya kawaida. Mwisho wa 2021 hadi 2022 mvua zilichelewa, na huku kaskazini, Simanjiro na Longido, watu walizika mifugo mpaka wakachoka. Mimi nilipoteza majike 19. Jike aliyetakiwa kushika mimba 2022 ndiye angezaa 2023. Kwa hiyo hizo 10 zake mimi naona ni nyingi. Na waliokufa kwangu wengi ni wale wakubwa niliochanganya damu. Wale wadogo walisimama.

Pili, hii habari ya kutoa dume. Kwenye malisho ya kijiji utamtoa wako, wa jirani yuko lamboni anasubiri. Na mimi sitaki majike wangu wote wazae Desemba. Nina watoto, wanakunywa maziwa mwaka mzima. Anayezaa Julai ndiye anayenipa maziwa ya Agosti. Tena ukame ukija mwezi mmoja mbaya, kama wote wamezaa mwezi huo, nimekwisha. Wazee wetu wanamfunga kondoo dume na beberu ngozi ya tumboni ili wasipande wakati usiofaa, wanajua sana hesabu ya mimba, lakini fahali hawajawahi kumfunga. Wana sababu.

Afisa Mifugo wa Kata

Naongeza upande wa magonjwa na dume, kwa sababu hapo naona pengo kubwa.

Kaka wa Mlali, mlihasi dume la baba, mkabaki na dume mmoja kwa majike 54. Dume mzima, mwenye afya, tunampa majike 25, labda 30 kama malisho ni ya karibu. Yule kijana wa miaka miwili tunampa 15. Wako alianza akiwa na umri gani? Na miguu yake ikoje? Dume mwenye kwato mbovu anapenda majike ila hapandi. Naomba ashikwe, apimwe mbegu na korodani, na asafishwe govi sampuli ikapimwe, maana kuna magonjwa ya zinaa ya ng'ombe ambayo dume haumwi chochote, anang'aa tu, lakini anayasambaza. Dalili yake kwa majike ni hii: anapandwa, unaona ameshika, baada ya miezi miwili au mitatu anarudi kwenye joto. Waulize wachungaji, wao wanajua nani anapandwa mara nyingi. Na dume wote wa kijiji wanakutana lamboni, kwa hiyo kinachoingia kwa jirani kimeshafika kwako.

Aliyetupa mimba 2021 alitupa ya miezi mingapi? Ikiwa ni mitano hadi minane, na kondo la nyuma likabaki, nataka damu ya kundi lote ipimwe brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mnakamua na nyumbani kuna watoto. Brusela inaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kichanga kilichotupwa kwa mikono mitupu. Nimeona mchungaji anatibiwa malaria miezi minne, homa inapanda na kushuka, jasho usiku, viungo vinauma, kumbe ni hiyo. Chemsheni maziwa. Kichanga na kondo vaeni glavu au hata mfuko wa nailoni, chimbeni shimo refu mfukie, mbwa wasifike. Chanjo ipo, kwa mitamba wa miezi mitatu hadi minane. Dume hachanjwi na mwenye mimba hachanjwi.

Uhimilishaji kwa sasa sikushauri, ingawa ni kazi yangu na ningepata kipato. Ng'ombe wa nundu, Boran akiwemo, joto lake ni fupi, mara nyingi linakuja usiku, na wengi hawapigi kelele. Mchungaji atakuja kuniambia saa nne asubuhi, limeshapita. Tunaweza kuwachoma sindano wapate joto pamoja, lakini jike aliyekonda ambaye ovari zake zimelala, sindano hiyo ni fedha umemwaga mchangani. Mbegu nzuri haina pa kukaa hapo.

Kijana wa Mlali

Shikamoo mzee. Ahsante sana, na ahsante wote. Nimekaa na daftari jana usiku na mke wangu.

Kati ya 10 wa 2023: hereni namba 6 na namba 17 walizaa Januari. Watatu Aprili na Mei. Watano kati ya Juni na Septemba. Waliozaa tena 2024 ni 6 na 17 peke yao. Wale watano wa kiangazi hakuna hata mmoja aliyezaa 2024, wote wamezaa mwaka huu, kati ya Februari na Juni. Wale 8 wa mwaka huu ni hao watano, na namba 17 tena, na wawili kati ya wale wa Aprili na Mei. Wapo wawili, namba 9 na 22, hawajazaa kabisa tangu zile mimba za kwanza walizokuja nazo. Sikuwahi kuona hilo mpaka jana nilipopanga kwa namba badala ya tarehe.

Dada afisa, dume alikuwa na miaka miwili na nusu nilipomchukua. Mwaka juzi aliumwa kwato za nyuma mwezi mzima, tukampaka dawa, akapona. Aliyetupa mimba alitupa ya miezi saba na kondo lilibaki siku tatu. Yule bado yupo. Ni namba 22. Maziwa yake tumekunywa.

Nimeogopa.

Afisa Mifugo wa Kata

Usiogope, fanya hivi: namba 22 leo atengwe, asilale na wengine na maziwa yasitumike. Wewe, mama watoto na wachungaji wote mwende kituo cha afya, mwombe kipimo cha brusela, msisubiri homa. Ikionekana inatibika, dawa ni ya wiki kadhaa na lazima imalizwe yote. Ng'ombe hatibiwi, anaondolewa. Usimpeleke mnadani kwa mfugaji mwenzako kabla damu haijapimwa, utakuwa umemhamishia mwenzako msiba.

Mzee wa Josho

Marahaba kijana wangu. Fanya alivyosema dada hapo juu kabla ya neno langu lolote.

Ndugu yangu wa Kiteto amesema kweli kuhusu ukame, na nimekosea kutouliza. Lakini tazama daftari: 2024 mvua zilikuwa nzuri na wale watano bado walikosa. Ukame uliwasukuma wakazaa kiangazi, hilo nakubali. Kilichowazuia kurudi ni kuzaa kiangazi kwenyewe. Jike akizaa Julai, siku zake 80 zinaisha Septemba au Oktoba, wakati ambapo majani ya Kongwa yana nguvu kama makaratasi. Protini ya majani makavu ikishuka chini ya asilimia 7, hata vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula vinakosa chakula chao. Ng'ombe anajaza tumbo na anakonda. Kwa hiyo anasubiri mvua ya Desemba, anapata nyama Machi, anapandwa, anazaa Desemba au baadaye, yaani karibu mwaka na nusu au zaidi baada ya ndama aliyetangulia. Ndicho ulichokiona.

Na kuhusu maziwa ya Agosti, nakubaliana naye kabisa kwa yule anayeishi kwa maziwa. Aliye na ng'ombe 200 na anahama, kuzaa mwaka mzima ni bima yake. Wewe ulikopa fedha ili uuze ndama wa nyama. Ng'ombe wako wana kazi nyingine. Baki na ng'ombe wa baba kwa maziwa ya nyumbani, hao wazae wanapotaka. Boran usiwakamue kabisa, au kamua miezi ambayo ndama anatosheka.

Dume usimtoe mwaka huu. Watu wakisikia habari ya msimu wa kupandisha wanakimbilia kumfunga dume, majike bado wamekonda, wanamaliza mwaka hawana ndama hata mmoja wa kiangazi. Kwanza chakula. Majike wenyewe wakishapata nyama kwa wakati unaofaa, utaona ndama wanaanza kusogea wenyewe kuelekea Novemba na Desemba. Ikifika robo tatu wanazaa miezi hiyo, ndipo uzungumze na majirani habari ya dume.

Kitu kilichonisaidia mimi kuliko vyote ni kuachisha ndama. Kwa uchungaji wetu ndama ananyonya mpaka mama amfukuze, wengine mwaka na zaidi. Nimeona ndama ana pembe anapiga magoti kunyonya. Jike huyo hawezi kurudisha mwili. Mimi ndama akifika miezi saba namtenga, boma la pembeni, wiki mbili za kelele, na kelele zile zinauma moyo, lakini ikifika Septemba mama yake ana mgongo. Aliyezaa Desemba utamwachisha Julai, na majani bado yapo kidogo ya kumrudisha. Na kwa jike mwenye mwili mzuri ambaye amechelewa kuita dume, mtenge na ndama wake siku mbili kamili, saa 48, halafu uwarudishe. Wengi wanakuja kwenye joto ndani ya siku chache. Aliyekonda usimjaribu, unamtesa bure.

Una eneo lako la familia? Wasukuma wana ngitili, Wamaasai wana alalili, eneo linafungwa wakati wa mvua ili liliwe kiangazi. Hata ekari 20 zikifungwa kuanzia Januari, ukapanda minyaa pembeni, hazitoshi kundi zima lakini zinatosha kumi waliobeba mimba kubwa. Hao ndio wa kulisha. Wewe uko kwenye nchi ya alizeti, mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, yapo mlangoni: kilo moja kwa jike kwa siku, siku 75 za mwisho kabla ya mvua, majike kumi, ni kilo 750. Mabua ya mtama na mahindi yakatwe na kupangwa chini ya paa mara baada ya kuvuna, usiyaache shambani yakaliwe na mchwa. Na jiwe la chumvi lenye madini liwepo bomani mwaka mzima. Ukigawa mashudu kwa ng'ombe wote 54 kila mmoja atapata kiganja, hutaona kitu, na utasema mzee wa mtandaoni alinidanganya.

Mchungaji wa Laikipia

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Laikipia, Kenya, kwetu Boran ndio ng'ombe wa ranchi na bado hulala bomani kila usiku kwa sababu ya simba. Kwa hivyo boma peke yake si kizuizi. Tofauti ni kwamba boma letu ni la vyuma vinavyofunguliwa, tunalihamisha tukifuata nyasi. Ng'ombe wakiamka wako juu ya malisho, hawatembei kuyatafuta. Pale boma lilipotoka huota nyasi tamu sana, hata swara huja. Tena kundi tunaligawa: akina mama wenye ndama wadogo wanachungwa karibu na maji, na wale wasionyonyesha ndio wanapelekwa mbali. Kama una watoto wawili wa kuchunga, jaribu hilo la kugawa, halina gharama.

Kijana wa Mlali

Nimesoma yote kwa baba kwa sauti. Kuhusu kugawa kundi amekubali hapo hapo: wake na wale ambao hawana ndama wataendelea na lambo la mbali, wangu 12 wenye ndama au mimba kubwa watakunywa kisimani kwa mjomba, kilomita moja na nusu, tutachangia mafuta ya pampu. Kufungua saa kumi na mbili amekataa kwanza, akasema umande unaleta minyoo, baadaye akasema tujaribu mwezi mmoja.

Sisi wote tumepimwa jana. Mimi na mke wangu hatuna. Mchungaji mmoja ameonekana nayo na ameanza dawa. Alikuwa analalamika magoti tangu mwaka jana na mimi nikadhani ni kazi. Damu ya ng'ombe imechukuliwa, majibu bado. Jumamosi daktari anakuja kupima mimba Boran wote 22 waliobaki, bila yule aliyetengwa, na kumwangalia dume.

Mzee, swali la mwisho. Namba 9 nimuuze hata kama ana mimba sasa? Na kuna mnunuzi anamtaka namba 17, anatoa bei nzuri kwa sababu ni mkubwa wa umbo.

Mzee wa Josho

Namba 9 akiwa na mimba na damu yake ikiwa safi, mwache azae, muuze na ndama akishaachishwa. Akiwa mtupu aondoke kabla ya Septemba, asile mashudu yako.

Namba 17 usimuuze kwa bei yoyote. Huyo amekula vumbi lile lile, ametembea kilomita zile zile, na amekupa ndama kila mwaka. Na namba 6 vilevile usimuuze. Wale waliozaa Januari 2023, walikuwa dume au jike?

Kijana wa Mlali

Wa 17 ni dume, tuliuza. Wa 6 ni mtamba. Nimempima leo kwa kamba, kilo 258, hajapandwa bado. Nimemvalisha hereni ya njano.

Mzee wa Josho

Kilo hizo zinatosha. Subiri majibu ya dume ya Jumamosi. Dume akiwa na tatizo, mtamba huyo akae mbali naye mpaka upate mwingine, hata ikipita Desemba.